Mbuzi Aliyenitoa Barazani

Nilipoteuliwa kuingia Baraza la Chuo, ndugu zangu wa kijijini Kirushya walidhani nimepewa gari. Shemeji yangu mmoja alikuja kupima kwa macho njia ya kwenye migomba, akasema tukikata mashina machache litapita. Nikamwambia, shemeji, hakuna gari, kuna mafaili tu. Akacheka sana, akasema wakubwa wote ndivyo wanavyosema.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha Mugoma, nimefundisha Kirushya, nikastaafu nikarudi kwenye migomba yangu na maharage yangu. Chuo kikuu kile ni kidogo, kipo huku huku kwetu, na kanuni zake zinataka kwenye Baraza awepo mtu mmoja wa kuwakilisha jamii inayokizunguka. Wakanitafuta mimi. Labda walitaka bibi mpole wa kusinzia kwenye kiti. Basi walikosea mlango, maana mimi upole nilikuwa nao shuleni wakati mkaguzi amekuja, basi.

Watu wengi hawajui Baraza la Chuo ni kitu gani, hata mimi sikujua. Baraza halifundishi wala halisahihishi mitihani. Lakini ndilo linaloajiri wakubwa wa chuo na kuwaondoa, ndilo linalopitisha bajeti na kanuni, na mwanafunzi aliyefukuzwa akikata rufaa, mlango wake wa mwisho ni huo. Ukifungwa, umefungwa. Makamu Mkuu wa Chuo, profesa anayekiendesha kila siku, naye anakaa mle ndani kama mjumbe. Siku ya semina yetu, katibu wa Baraza, mwanamama mwanasheria asiyecheka ovyo, alitusomea kanuni nyingi. Moja ilisema mjumbe mwenye maslahi katika jambo lililo mezani aseme, kisha atoke nje mpaka jambo hilo liamuliwe. Nilijisemea moyoni, maslahi gani nitakuwa nayo mimi, mkulima wa maharage? Nikageuza ukurasa.

Sasa ilitokea maji yakakatika kwenye mabweni. Hayakukatika siku moja wala mbili. Wasichana walikuwa wanashuka bondeni na ndoo alfajiri, wanapanda nazo, wanaingia darasani miguu ina tope. Wakalalamika, wakachoka, na asubuhi moja wanafunzi wakafunga geti kwa mnyororo. Makamu Mkuu alikuja kazini akakuta geti halifunguki. Alisimama nje juani, suti yake na yote, na simu za wanafunzi zikimpiga picha kupitia kwenye nondo. Waliofunga mnyororo hawakujulikana. Aliyejulikana ni msichana mmoja wa mwaka wa mwisho, anayesomea ualimu, kwa sababu alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa akawahutubia wenzake. Kamati ya Nidhamu ikamfukuza chuo.

Akakata rufaa kwetu. Makabrasha yakaletwa nyumbani kwangu, nikayasoma nimeketi jikoni, nikayarudia. Kila shahidi alisema msichana alizungumza. Hakuna aliyesema alishika mnyororo. Nilikasirika mpaka ugali ukaungua. Mtoto amebakiza kidogo kumaliza, unamfukuza kwa sababu alisema hakuna maji, na kweli maji hayakuwepo!

Mjumbe mwenzangu, mchungaji mmoja wa Biharamulo, alinipigia simu. Akasema, "Mama, hili litakuwa gumu. Wafanyakazi wa chuo waliomo Barazani hawawezi kumpinga bosi wao akiwa anawatazama. Sisi wa nje tumegawanyika. Usije ukaumwa siku hiyo." Nikamjibu hata nikiumwa nitabebwa. Nilijua tangu saa ile kwamba kura yangu ina kazi.

Siku moja kabla ya kikao nilikwenda shambani mapema, ili nirudi nioge nijiandae. Nikirudi, nasikia mbuzi analia uani kwangu. Mimi sifugi mbuzi, wananimalizia maharage. Nikaharakisha. Nikakuta beberu mweusi, mnene, kafungwa kwenye mti wangu wa kahawa nyuma ya jiko, anatafuna majani ya maboga bila wasiwasi wowote. Kwenye kigoda kivulini ameketi mwanamume wa makamo, kofia magotini. Mke wa mwanangu alikuwa amemkaribisha na kumpa togwa.

Akasimama haraka. "Shikamoo, mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Nikaelewa ni mmoja wa wale waliohamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wao. "Marahaba, baba. Umetoka mbali?"

"Nimetoka Nyarubungo. Nimekuja kwa pikipiki, na huyu tumempakata." Akamtazama mbuzi kwa fahari kidogo. "Mimi ndiye baba wa yule msichana wa geti."

Nikatua jembe chini. "Yesu wangu! Baba, umeniua!"

Alidhani nimefurahi kupita kiasi. Akaanza kueleza polepole, kama mtu aliyepanga maneno yake njia nzima. Alisema ameambiwa huku Kirushya kuna mama anayekaa na wakubwa wanaoamua mambo ya chuo. Kwao, alisema, mtu haendi kwa mkubwa kumwombea mtoto huku mikono inaning'inia. Mkono mtupu haulambwi. Unafungua mnyama zizini, unampeleka, unasema shida yako, na mkubwa anajua kwamba mtoto huyu ana mwenyewe. Hakusema hongo. Neno hilo halikuwa kichwani mwake kabisa, naapa.

"Yule binti ndiye wa kwanza kwetu kufika huko," alisema. "Ndugu zangu walinicheka. Nikasema sawa, chekeni. Kwa ajili yake nikawatoa wadogo zake wote machungani nikawapeleka shule. Sasa akirudi nyumbani amefukuzwa, ndugu zangu watakuja jioni hiyo hiyo. Watasema, si tulikuambia? Rudisha watoto kwa ng'ombe. Na mimi nitakuwa sina la kujibu, mayu."

Nilimwelewa. Hiyo ndiyo iliyonitia hasira zaidi, kwamba nilimwelewa. Hata sisi Wahangaza nani anakwenda kwa mtu mikono mitupu? Ukienda kuomba uchumba, kuomba shamba, kuomba radhi, unabeba pombe ya ndizi, na mwenyeji akikataa kuionja, mnajua ugomvi haujaisha. Lakini nikamwambia mchukue mbuzi wako, sasa hivi, uondoke. Nikamweleza kwamba kesho mimi ni kama hakimu, na hakimu hali kitu cha mwenye kesi.

Akafikiri kidogo. Akatazama beberu wake, akanitazama mimi. "Ni mdogo? Basi nitaongeza ndama."

"Ee Mungu nipe subira! Hata ulete zizi zima!"

Hapo uso wake ulibadilika. Akasema mnyama aliyefunguliwa kwa ajili ya mtoto harudi zizini. Akirudi, maana yake yule mkubwa amemkataa mtoto, na habari itafika nyumbani kabla yake. "Usinirudishe na mbuzi, mayu. Kula, usile, shauri yako. Ila usinirudishe naye." Akavaa kofia, akaaga kwa heshima zote, akashuka kwenye njia ya migomba. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Pikipiki iliwaka kule barabarani, ikaenda.

Nikabaki na mbuzi. Mke wa mwanangu alikuja akasimama kando yangu, tukawa tunamtazama wote wawili. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, si unyamaze tu? Mbuzi hana mdomo." Yule mbuzi akalia palepale, kwa nguvu, majirani wawili wakachungulia kwenye uzio.

Nilikuwa na njia mbili tu. Nikinyamaza, naingia, napiga kura yangu, msichana anapona. Nikisema, natoka nje, na kura ya kumponya inatoka na mimi. Uaminifu wangu ndio ungemfukuza mtoto wa watu. Sikulala vizuri, na sioni haya kusema kwamba nilimtukana yule mzee wa Nyarubungo kwa Kihangaza, ambacho hakijui, na nikamtukana aliyeandika kanuni kwa Kiswahili.

Asubuhi nilipanda gari la abiria kwenda chuoni nikiwa bado sijaamua. Ukumbi wa Baraza una meza ndefu na viti vinavyozunguka. Makamu Mkuu aliketi karibu na mwenyekiti, mtulivu, amevaa suti ileile ya kwenye picha. Mwenyekiti wetu alikuwa mtumishi wa serikali mstaafu, mtu wa maneno machache, anayesikiliza amefumba macho hadi wageni wanadhani kasinzia. Tukapitisha kumbukumbu, tukazungumza ukarabati wa maabara. Chai ililetwa, sikuigusa. Kisha mwenyekiti akasema tunaingia kwenye rufaa, na kabla hatujaanza, je, yupo mjumbe mwenye maslahi?

Mchungaji wa Biharamulo alinitazama na kunipa ishara ndogo ya kichwa, kama kusema sasa ndiyo wakati wetu. Masikini, hakujua. Nikafikiria wadogo wa yule msichana na sare zao za shule. Halafu nikafikiria kwamba nitapiga kura yangu huku nasikia mbuzi analia kichwani, leo, na kikao kijacho, na kila kikao. Nikasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi nina mbuzi."

Ukumbi mzima ulicheka. Mwenyekiti alifumbua macho. Nikaeleza yote, tangu mti wa kahawa hadi ndama wa nyongeza, na kicheko kikaisha. Nikasema sijamla, sitamla, yuko hai anakula maboga yangu, na nitamrudisha mwenyewe. Katibu akasoma kanuni. Mjumbe atoke. Mchungaji akafunika uso kwa kiganja.

Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Ndipo Makamu Mkuu akaomba kusema. Alisema kwa upole wa kutisha kwamba kwa haya tuliyoyasikia, rufaa yenyewe imechafuka. Upande wa mrufani umejaribu kumhonga mjumbe. Anashauri Baraza liitupilie mbali bila hata kuisikiliza, adhabu ibaki. Wajumbe kadhaa wakatikisa vichwa kukubali. Nikaona jambo lote linaporomoka mbele yangu, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Damu ilinipanda. "Ndugu Mwenyekiti, natoka. Kanuni inasema nitoke mimi, haisemi afukuzwe mtoto kwa mbuzi ambaye hamjui. Lakini kabla sijafika mlangoni naomba kuuliza. Mimi natoka kwa sababu ya mnyama ambaye sikumwomba. Profesa ndiye aliyefungiwa geti. Ndiye aliyelalamika. Ndiye bosi wa waliomhukumu. Yeye anabaki kwa kanuni gani? Hii si ndiyo kesi ya ngedere kumpelekea nyani?"

Sikupaswa kumwita profesa nyani. Lilitoka. Hakuna aliyecheka safari hii. Feni ilizunguka juu ya vichwa vyetu, watu wakatazama makaratasi yao. Wale wafanyakazi wa chuo hawakuinua macho hata kidogo. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa, akamgeukia katibu. "Kanuni inasemaje?" Katibu akajibu kwamba kanuni haibagui maslahi ya mbuzi na maslahi ya geti. Mwenyekiti akasema, "Profesa, nakuomba nawe utupishe. Na mama, neno lile la mwisho halitaandikwa kwenye kumbukumbu."

Kwenye veranda kulikuwa na benchi moja. Pale walikuwa wameketi yule mzee wa Nyarubungo na binti yake, wakisubiri. Msichana alikuwa mwembamba, amesuka nywele vizuri, amevaa sketi iliyopigwa pasi kwa mtihani huu. Mzee aliponiona natoka peke yangu kikao hakijaisha, alisimama. "Mayu, wamekufukuza?"

Siri za kikao hazitolewi. Lakini hili lilikuwa langu. "Nimetoka kwa sababu ya mbuzi wako, baba. Kura yangu imetoka na mimi."

Msichana akageuka. "Mbuzi gani?"

Mzee akavua kofia. Akatazama chini.

"Baba, mbuzi gani?" Akaelewa bila kuambiwa. Akasimama. "Mimi nilisema ukweli! Nilisema maji hakuna, basi, nikasema mbele za watu! Nilikuwa naingia mle sina cha kuficha, na wewe umekwenda kuwapa watu mbuzi?" Akaketi chini sakafuni palepale na sketi yake ya pasi, akalia. Baba yake alinyoosha mkono kumgusa bega, akaurudisha. Alisema kitu kwa Kisukuma, kifupi. Baadaye nilimuuliza binti kilikuwa nini, akaniambia ni, "Mwanangu, nimekuua."

Makamu Mkuu alikuwa amesimama kwenye nguzo, nyuma yetu. Alikuwa ametoka wakati tunazungumza na alisikia yote. Hakukuwa na mahali pengine pa kukaa. Akaja akaketi mwisho wa benchi, mimi katikati, mzee upande wa pili, na mzee kwa kuwa hamjui akamwamkia kwa adabu na kumwuliza kama naye ana mtoto mle ndani. Profesa akasema hapana. Sauti zilisikika ukutani, zinapanda, zinashuka, maneno hayasikiki.

Mwishowe profesa alimwuliza yule msichana, bila kumtazama, "Kwa nini hukuja ofisini kwangu kwanza?"

"Nilikuja, Profesa. Kila nikija naambiwa una wageni."

Mzee aliposikia neno profesa aliinuka kwenye benchi, akaenda kusimama mbali, kofia mkononi. Makamu Mkuu akatoa simu yake, akaitazama ikiwa imezimwa.

Mlango ukafunguliwa, tukaitwa sote. Katibu alisoma akiwa amesimama. Baraza limetengua adhabu ya kufukuzwa. Mwanafunzi apewe onyo la maandishi kwa kuhutubia mkusanyiko bila kibali, na arudi masomoni mara moja. Uongozi wa chuo uwasilishe taarifa ya maji kwenye kikao kijacho. Msichana aliganda, hakulia wala hakucheka. Baba yake ndiye aliyehitaji kiti.

Mchungaji aliniambia baadaye kwa jumla tu, kama inavyoruhusiwa, kwamba kiti cha profesa kilipokuwa kitupu, watu ambao hawajawahi kufungua midomo waliifungua. Kura zililingana, na zikilingana ya mwenyekiti ndiyo inayoamua. Mwenyekiti mwenyewe alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Akasema, "Habari ya mbuzi wako nilikuwa nayo kabla ya chai, mama. Kijiji chako kina simu nyingi." Akaniaga. Nilisimama pale kwenye ngazi, nafikiria ningekuwa wapi, na yule mtoto angekuwa wapi, kama ningenyamaza.

Beberu nilimrudisha mwenyewe. Nilikodi pikipiki mpaka Nyarubungo, mbuzi kafungwa miguu, kichwa chake mapajani kwangu, ananitafuna kanga njia nzima. Ndugu za mzee walikuwa wamekaa uani, wote, wanatazama. Nikasema kwa sauti ili wasikie, mtoto huyu hajakataliwa, mtoto huyu amerudi chuo, ila kwetu sisi sheria haitaki mnyama. Mzee alipokea kamba. Hakunitazama. Alisema tu, "Nimesikia, mama." Siku hiyo hakuniita mayu.

Zamu yangu Barazani ilikwisha. Sikuomba nyingine, nao hawakunisihi. Yule msichana alihitimu, sasa ni mwalimu, na wadogo zake bado wapo shuleni.

Juzi tu, mavuno ya maharage, nikasikia mtu anabisha hodi. Ni yule mzee. Kazeeka kidogo, shati safi, na safari hii binti yake yuko nyuma yake. Nilifurahi, nikapiga kigelegele kabisa, majirani wakachungulia kama kawaida yao. Yeye alisimama mlangoni, akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu, viganja juu, vitupu.

"Nimekuja kushukuru, mama. Nimekuja kama ulivyonifundisha."

Kwa kweli iliniuma. Mtu mzima, mwenye zizi, katoka Nyarubungo hadi Kirushya kunishukuru, hana hata yai mkononi, na ni mimi niliyemfunza hivyo. Nikataka kumwambia kwamba sasa mimi si mjumbe tena, kwamba mkono mtupu ulikuwa wa siku ile tu. Nikawaambia tu karibuni, kaeni. Nikapika ndizi na maharage mapya, nikaandaa mezani, nikanawisha wageni mikono.

Binti akaanza kula. Baba yake alitazama sahani, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini, hakuwa anatania hata kidogo, "Mama, na hiki ninaruhusiwa?"